Pale Pakavu Mgongoni

Kashata alimwangusha mtoto wa pili siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya baba mtu aliyekuwa ameinua simu akirekodi. Mtoto hakuumia. Mchanga wa Shanzu saa hiyo bado una unyevu. Lakini alilia kile kilio cha kuita watu, na watu wakaitika. Mimi nilikuwa bandani, mwanangu Kahaso mgongoni, beleshi la samadi mkononi, na hata kutoka huko nilimsikia Ami Hashim akisema, "Basi. Imetosha. Jumapili haimkuti hapa."

Ami Hashim ndiye mwenye farasi. Anao wawili: Waziri, mzee, mwenye subira, na Kashata, jike aliyeshushwa kutoka Nairobi baada ya kustaafu mbio. Rangi yake ni ile ya kashata ya nazi iliyokaa motoni kidogo kuliko inavyotakiwa. Kazi yao ni kuwapandisha watoto wa wageni, kutoka miamba ya huku hadi miamba ya kule na kurudi, Dancun akiwavuta kwa kamba. Kazi yangu ni banda: kuzoa, kutia maji, kukata majani, kusugua, na kutandika.

Kuna mtu wa Vipingo ambaye kwa miezi amekuwa akimwomba Ami Hashim amwachie Kashata akavute gari la maji. Jumatano ile Ami Hashim alimpigia simu mwenyewe. Lori lingekuja Jumamosi adhuhuri. Farasi aliyezoea kukimbia akiwa na mtu mwepesi mgongoni, akavute pipa la maji kwenye vilima vya mawe! Nilijua hamalizi mwaka.

"Shikamoo, Ami," nilimwambia alipoingia bandani.

"Marahaba. Usianze, Dama."

"Sijaanza."

"Naona mdomo wako unavyoanza."

Dancun aliingia nyuma yake akimvuta Kashata, kofia imejaa mchanga. "Manze huyu dem ana madharau! Anangoja hadi mtoto akae vizuri, atabasamu, apigwe picha, ndio amtupe. Anapanga. Nakwambia anapanga."

"Labda anaumwa," nikasema.

"Anaumwa wapi?" Ami Hashim akanigeukia. "Anakula, anakunywa, hachechemei. Daktari wa mifugo alikuja juzi, akatazama kwato, akatazama meno, akamwendesha huku na huku, akasema mzima. Maradhi ya dharau, mwanangu, hayana sindano."

Daktari alimtazama Kashata akiwa mtupu, bila tandiko. Nilitaka kulisema hilo, lakini Kahaso aliamka na kuanza kulia, na neno likanipotea. Siku hizi maneno hunipotea sana. Mtoto wa miezi kumi na moja anaota meno, baba yake yuko kwenye malori ya masafa, anarudi Jumapili moja katika tatu, nami naamka saa kumi alfajiri. Kuna siku nasimama na ndoo mkononi na sijui nilikuwa naenda kujaza au kumwaga.

Lakini kitu kimoja nilikijua. Mwezi uliopita Kahaso alikuwa akilia kila nikimfunga mgongoni. Nikimshusha, ananyamaza. Nikimfunga, analia. Jirani yangu Lynnette akasema, "Kadeko hako. Kamejua kuwa ukikashusha utakabeba mikononi." Nikaamini siku mbili. Siku ya tatu, nikimwogesha, niliona ubavuni pake alama nyekundu, duara ndogo ndogo zimepangana: shanga za kiuno alizofungwa na nyanya yake zilikuwa zimembana, na kila nikikaza leso ninazizamisha nyamani. Siku mbili nilimwita mwanangu mdekaji. Tangu hapo, mtu akiniambia asiyeweza kusema ana dharau, moyo wangu haukubali upesi.

Jioni hiyo nilienda darasani kama kawaida. Tunasomea Frere Town, kwenye shule ya msingi, watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Mwalimu Matthew alikuwa na makopo matatu ya maharagwe dirishani. Moja lilikuwa na maji na mwanga, moja lilinyimwa maji, moja alilifunika.

"Kwa nini sikulinyima hili la tatu maji pia?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimelaza shavu juu ya kichwa cha Kahaso, macho nusu.

"Kwa sababu likifa," akasema, "sitajua limeuliwa na kiu au na giza. Badilisha kimoja, vingine viache. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, umejidanganya mwenyewe."

Usingizi ulinitoka. Nilifungua daftari ukurasa wa nyuma nikaandika: Kashata ana nini wakati anatupa, ambacho hana wakati hatupi? Nikaandika mchanga. Nikaandika Dancun. Nikaandika lijamu la mdomoni, tandiko, mtu. Basi nilikuwa na makopo yangu, na siku mbili.

Alhamisi asubuhi, kabla wageni hawajamaliza chai, nilimtoa Kashata na kamba ya kichwa tu. Tukaenda hadi miamba ya kule na kurudi. Alitembea kama bibi harusi wa nyumbani kwao, masikio mbele, akinusa mwani. Mchanga haukuwa na kosa. Nikamwita Dancun amvute yeye. Sawa. Dancun naye hakuwa na kosa, ingawa sikumwambia kwamba alikuwa kwenye orodha. Tukamtia lijamu. Akalitafuna kidogo, akatembea.

Kisha nikamtandika. Kabla sijaendelea niseme kuhusu leso, maana leso ile ilikuwa fahari yangu.

Kashata alipopungua mwili wakati wa ukame, tandiko lilianza kumpwaya. Mimi nilikuwa na doti niliyopewa na mama nilipojifungua, mpya, vipande viwili havijakatwa. Jina lake: MZIGO WA MWANA HAULEMEI. Sikuweza kuikata, ilikuwa nzuri mno kwa kubebea mtoto anayetapika. Nikaikunja, nikaipanga ili maandishi yaangukie upande wa kushoto chini ya tandiko, upande wanakopandia watoto na kupigiwa picha, na ili isiteleze nikaishona kwa uzi wa gunia. Wazazi walisoma, wakacheka, wakawapandisha watoto. Ami Hashim alinisifu mbele ya watu. "Huyu Dama," alisema, "ana akili ya biashara kuliko nyinyi wote." Na Kashata alipoanza kurusha mkia akitandikwa, nilisema maskini, tandiko linamgonga mifupa. Nikamwongezea mkunjo mwingine.

Basi Alhamisi ile nilimtandika. Nilipokaza mkanda wa tumbo, aligeuza shingo na meno yake yakagongana hewani karibu na mkono wangu. Alitembea, lakini hatua zilifupika, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Hakurusha mateke. Sikuandika jibu. Niliandika tu nilichokiona, kama tulivyofunzwa.

Kikabaki kopo la mwisho. Mtu bila tandiko.

"Mimi?" Dancun alirudi nyuma hatua tatu. "Siste, nakuheshimu. Nikivunjika kiuno, mamangu kule Mwingi atakulaani hadi wajukuu."

"Basi nishikie mtoto."

"Wewe ndio unapanda?"

"Nishikie mtoto, Dancun."

Ilikuwa Ijumaa, saa moja asubuhi. Nilivaa suruali ya mume wangu ndani ya dera, nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajilaza tumbo juu ya mgongo wa Kashata kama gunia, halafu nikavuka mguu. Sikuwa nimewahi kukaa juu ya farasi. Kwetu Kaloleni hata punda tulimwona wa jirani. Nilishika nywele za shingo, nikafumba macho, nikangoja kutupwa.

Kashata alishusha pumzi ndefu. Nikaisikia kwa mapaja. Halafu akatembea.

Alitembea hadi miamba. Alisimama nilipomwomba, akageuka, akarudi. Jua lilikuwa linatupiga usoni na mgongo wake ulikuwa wa moto na unacheza chini yangu kama tumbo la mwenye mimba mtoto anapogeuka. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba ningeweza kulala pale. Dancun alikuwa akitufuata nyuma amemkumbatia Kahaso, akisema peke yake, "Ebu ona. Ebu ona tu."

Kwa hiyo si mtu. Na tandiko peke yake halimfanyi arushe mateke. Ni viwili vikikutana: uzito juu, na kitu kati.

Saa tisa, jua lilipoanza kupoa, Ami Hashim, aliyekwisha kusikia kwa Dancun, alimpanda mwenyewe na tandiko, kunionyesha kuwa ni dharau tu. Hakufika mbali. Kashata alipinda mgongo, akarusha miguu ya nyuma mara mbili, na Ami Hashim, ambaye amepanda wanyama maisha yake yote, akashuka kwa kuteleza, kofia bado kichwani, uso umemwiva.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nilimvuta Kashata bandani kumvua tandiko. Mgongo ulikuwa umeloa jasho kila mahali tandiko lilipokaa, isipokuwa pale kushoto, chini kidogo ya nundu ya mabega. Hapo palikuwa pakavu, mahali pa ukubwa wa kiganja. Nilikuwa napaona kila siku, na kila siku nilifurahi, kwa kuwa Ami Hashim alinifunza hivyo tangu mwanzo, jinsi yeye mwenyewe alivyofunzwa kwa punda wa Lamu: palipoloa ndipo panaposuguliwa, pakavu ndipo pazuri. Mikunjo nilikuwa naiongeza kwa kufuata kanuni hiyo.

Nikabonyeza palipoloa kwa kidole. Kashata akatafuna majani. Nikabonyeza upande wa kulia. Akatafuna. Nikabonyeza pale pakavu, polepole, kama unavyobonyeza embe sokoni mwenyewe asikuone.

Ngozi ilitetemeka yote. Mgongo ukazama chini kukikimbia kidole changu. Akaacha kutafuna, akageuza kichwa. Nilingoja meno. Hakuniuma. Alinitazama tu.

Nilipobonyeza pakavu, aliumia; nilipobonyeza palipoloa, hakuumia. Jasho halikutoka pale kwa sababu ngozi ilikuwa imebanwa hadi ikashindwa hata kutoa jasho. Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto kuliko kwingine, na chini ya manyoya kulikuwa na uvimbe mwembamba, mrefu, kama mshono.

Kama mshono.

Nilichukua leso sakafuni. Ilikuwa imekakamaa kwa jasho na chumvi. Nikapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, mahali ambapo vipande viwili vya doti vinakutana, pindo juu ya pindo, mara nne, na uzi wangu wa gunia umepita juu yake na kumalizwa kwa fundo. Fundo zuri. Mama alinifunza kufunga fundo lisilofunguka.

Nilikaa chini kwenye majani. Kahaso alitambaa hadi kwangu akashika herufi za leso kwa vidole vyenye mate. Mzigo wa mwana haulemei.

Sitasema uongo: niliwaza kunyamaza. Ningefumua uzi, nikafua leso, nikasema nimeichoka. Nani angejua? Lakini uvimbe ule haungepungua kufikia kesho adhuhuri. Kashata angepanda lori akiwa na jina la dharau, na lile pipa la maji lingefungwa kwa mikanda papo hapo, juu ya kidonda nilichokishona mimi. Ili abaki, ilibidi mtu mwingine achukue lile jina.

Jumamosi saa tatu nilimwambia Ami Hashim kila kitu, nimesimama, mtoto mgongoni. Nilimwonyesha daftari. Nilimwonyesha leso. Alisikiliza akikuna ndevu.

"Yaani leso," akasema.

"Leso yangu, Ami. Nilivyoishona. Na kila alipolalamika nikazidisha. Kiatu kikikubana huvai soksi mbili."

"Na pakavu ndipo pabaya."

"Kwake yeye, naam."

"Miaka arubaini nimeambia watu pakavu ndipo pazuri." Hakufurahi. "Haya. Toa leso, mtandike, Dancun apande. Tuone."

Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua uvimbe bado unauma. Tulimtandika bila leso. Dancun alitia mguu kwenye kikuku cha tandiko, akaweka uzito nusu, na Kashata akalaza masikio, akapinda, akachapa mkia. Dancun akaruka chini.

"Unaona?" Ami Hashim akafungua mikono. "Leso imetoka, dharau iko palepale. Dama, mwanangu, una moyo mzuri, lakini lori liko njiani."

"Ami, ukitolewa mwiba asubuhi, adhuhuri unacheza mpira?"

"Huo ni mdomo."

"Basi tuache mdomo, ona." Nilichukua leso, imekunjwa na fundo lake. "Dancun, inama."

"Mimi tena? Kwa nini kila siku ni mimi?"

"Wewe ndiye mwenye mgongo."

Nilimwekea leso begani, fundo likae juu ya mfupa, na juu yake gunia la pumba, lile la kilo hamsini. Ana nguvu Dancun. Kila wiki hulibeba akiimba. "Nenda langoni urudi. Mara tatu."

Safari ya kwanza aliimba. Ya pili aliacha kuimba, bega moja likashuka. Ya tatu alikuwa anatembea kwa upande kama kaa, shingo imepinda, meno nje, na alipofika mbele yetu alilitupa gunia chini kwa nguvu hata vumbi la pumba likapanda hadi usoni mwa Ami Hashim.

"Wacha! Hii ni kitu gani umeniwekea? Ni msumari?"

"Huyu ana dharau," nikasema. "Alingoja tufurahi ndipo atupe. Alipanga."

Dancun alinitazama, mkono begani. Kisha akamtazama Kashata. "Aki pole, mami," akamwambia farasi. "Hukusema."

"Alisema," nikajibu. "Mwezi mzima."

Nililinyanyua gunia upande mmoja. "Mrudishie begani, Ami, bila leso. Hapo hapo."

"Thubutu!" Dancun akapiga kelele, akarudi nyuma, na kabla hata gunia halijamgusa, bega lake lilikuwa limekwishajikunja.

Ami Hashim alikuwa anajipangusa pumba kwenye kope. Nilidhani amekasirika, hadi nilipoona tumbo linatikisika. Alicheka kimyakimya, kwa muda mrefu, kisha kicheko kikaisha ghafla, naye akaenda akasimama kando ya Kashata. Akabonyeza pale kwa kidole. Ngozi ikatetemeka. Hakubonyeza tena.

"Na mimi," akasema, hakumwelekea yeyote, "kila siku naisoma ile leso, nacheka na wageni."

Lori lilipiga honi langoni. Ami Hashim alitoka. Hatukusikia walivyozungumza, ila sauti ya mtu wa Vipingo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na mwisho lori likarudi nyuma kwa mlio wake wa pi-pi-pi. Kahaso akauiga.

"Mpaka mwezi uandame," Ami Hashim aliniambia aliporudi. "Zimebaki siku kumi na tatu. Asipandwe, asitandikwe. Waziri atafanya kazi ya wawili, Mungu amsamehe. Mwezi ukiandama nitamtandika mimi mwenyewe. Akitupa tena, Dama, usinifungulie daftari."

"Naam, Ami."

"Na leso hiyo sitaki kuiona juu ya mnyama."

"Naam, Ami."

Siku kumi na tatu ni nyingi zinapoongezwa juu ya siku nyingine. Kila asubuhi maji ya chumvi vuguvugu, kitambaa, na kiganja. Kila jioni kumtembeza hadi miamba, kisha Frere Town, kisha nyumbani, ambako Kahaso alikuwa amepata jino la tatu na hasira mpya. Siku ya nne uvimbe ulikuwa vilevile. Siku ya sita nilikosea nikamkanda Waziri kwa maji ya chumvi ya Kashata. Siku ya saba nililala darasani kabisa, nikaamka mwalimu Matthew amemshika mwanangu na anaendelea kufundisha, chaki mkono mmoja. Sikumwambia mtu kuwa nimeanza kuogopa. Niliandika tu nilichokiona. *Leo ametetemeka kidogo kuliko jana.* Siku nyingine: *Leo sijui.*

Usiku wa siku ya tisa nilichukua mkasi, nikafumua lile fundo, nusu saa nzima, kisha nikaikata doti. Kipande kimoja cha kubebea mwanangu, kimoja changu. Alama ya uzi bado ipo, mstari wa vitundu.

Siku ya kumi na tatu, saa kumi na mbili jioni, watu wa nyumbani kwa Ami Hashim walikuwa wamekwisha kuanza kutazama mbingu, kuutafuta mwezi. Yeye alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, tandiko magotini, limesuguliwa. "Haya," akasema. "Kabla sijamwekea. Wewe kwanza."

Nilimwekea Kashata majani mabichi. Nikasimama kushoto kwake, Kahaso mgongoni akinivuta kitambaa cha kichwa. Nikaweka kidole pale, chini ya nundu ya mabega, mahali ninapopajua sasa hata gizani, nikabonyeza. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, nikashikilia.

Kashata alisogeza sikio moja upande wangu, kama kuuliza nataka nini. Kisha akaendelea kula.